Kondoo wa Mkwe

Kabla ya watu wengine kuanza kumshuku mume wangu, mimi nilikuwa nimeshamshuku. Nasema hivyo mapema ili msije mkadhani mimi ni mmoja wa wale wake wanaomtetea mume hata kwa jambo wasilolijua.

Mume wangu ni Walubengo, mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya kibinafsi hapa Eldoret. Tunaishi Kesses, na huku kila mtu humwita Mwalimu. Ni mtu mpole, ila ukimpa maikrofoni hajui kunyamaza. Kwa hiyo vijana wa kanisa letu walipoandaa mjadala, "Je, binadamu alitoka kwa nyani au kwa mkono wa Mungu?", wakamwomba asimame upande wa nyani, nilimwambia akatae. Akacheka. Akasema hakuna upande wa nyani, kuna upande wa kusoma.

Siku ya mjadala kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani, na redio ya mtaa ikarusha maneno yote moja kwa moja. Alieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema anaamini Mungu na pia anaamini mifupa ya binadamu wa kale iliyochimbwa Turkana, na kwamba hivyo viwili havijawahi kugombana kichwani mwake. Wazee walinuna, wanafunzi wa chuo wakapiga makofi. Shida ilianza watu walipoanza kucheka, kwa sababu Walubengo akichekewa hulewa.

"Ndugu zangu," akasema, "mkirudi nyuma vya kutosha, sisi sote tuna babu mmoja. Mimi na pasta, babu mmoja. Mimi na mama mkwe wangu, babu mmoja!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi sikucheka. Kwetu Bukusu mama mkwe hapewi mkono na mkwe wake, hataniwi, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Tena hatuoi mtu wa damu yetu, hata awe wa mbali namna gani. Kusema mbele ya watu kwamba wewe na mama mkwe ni wa babu mmoja ni kusema umeoa dada yako. Wakikuyu na Wakalenjin waliojaa mle ndani hawakuwa na habari, walicheka tu. Nilishukuru kwamba mama yangu hakuwepo. Wiki hiyo alikuwa Eldoret kwa kliniki ya presha, akilala kwa rafiki yake Mama Nabwire, maana kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwe. Redio niliisahau kabisa.

Kabla ya sala ya kufunga, kijana mmoja alisimama nyuma akapaza sauti: "Mwalimu, ukitoka hapa tutakuonyesha nyani ni nani!" Alikuwa Munene, mtoto wa Wamucii, mama mwenye duka tunakonunua maziwa. Ni kijana wa mdomo mkubwa na mikono mizuri, yeye ndiye hupiga kinanda Jumapili. Watu wakacheka tena, tukaenda nyumbani.

Kesho yake, Jumamosi, nilikwenda mjini na binti yetu Ashley kumtafutia sweta. Tuliporudi nilimkuta Walubengo kitandani, nyusi ya kushoto imeshonwa, jicho limefumba. Alisema vijana waliofunika nyuso walimvamia kwenye njia ya nyuma ya kinu cha unga, wakimwita nyani. Nililia, nikawalaani hao vijana kwa lugha zote ninazojua.

Mwalimu mwenzake, Bethwel, ndiye aliyempeleka zahanati kwa gari lake na kumrudisha mpaka mlangoni. Bethwel ni mtu wa chama cha walimu na hajui kufanya jambo kimyakimya. Kufikia jioni picha ya mume wangu na bandeji yake ilikuwa mtandaoni, imeandikwa: "Mwalimu apigwa kwa kufundisha sayansi." Wanahabari wakaja. Wanafunzi wa chuo wakaandamana na mabango. Na polisi, waliosikiza tena mazungumzo ya redio, wakaenda kumtoa Munene dukani kwa mama yake.

Sasa niwaambie nilichoona mimi. Mvua ilinyesha Jumamosi yote, na ile njia ya nyuma ya kinu ikinyeshewa hata ng'ombe huikataa. Lakini viatu vya mume wangu vilikuwa mlangoni, vikavu, safi. Halafu jikoni kwangu palikuwa pamepigwa deki. Walubengo hajawahi kupiga deki tangu nimjue. Na mwiko wangu mkubwa wa ugali, ule niliopewa na mama siku ya harusi, haukuonekana popote.

Nikafikiria mwanamke. Nani mwingine humpiga mwanamume jikoni kwake, halafu mwanamume akapanguza sakafu na kunyamaza? Nilimchunguza kila mwalimu wa kike niliyekutana naye mjini, kama ana mikono ya kutosha kuvunja mwiko. Nilinusa mashati ya Walubengo. Mchana nilikuwa mke wa shujaa napokea pole za watu, na moyoni nilikuwa nachemka.

Wamucii alikuja siku ya pili baada ya mtoto wake kukamatwa. Hakuketi.

"Mama Ashley, niangalie kwa macho. Hiyo Jumamosi Munene alikuwa na mimi kwa stoo, tunafunga mahindi kwa magunia. Polisi wanasema mimi ni mama yake lazima nimtetee. Sawa. Lakini wewe muulize bwana yako tena. Muulize kama bibi yake, si kama polisi."

"Nitamuuliza."

"Ukimuuliza utaniambia?"

Nilianza kufuta meza. Aliniachia maziwa yangu ya siku hiyo mezani akaenda, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Nilimuuliza. Nilimuuliza kwa upole, nikamuuliza kwa hasira, nikamuuliza nikimbadilishia bandeji. Kila mara aligeukia ukuta akasema kichwa kinamuuma.

Kisha Wabuge, ndugu yangu, akaja kutoka nyumbani Kimilili na gari la kabichi. Nyuma ya kabichi alikuwa amefunga kondoo, dume jeupe lililonona. Akamshusha, akamfunga kwenye nguzo ya kamba ya nguo.

"Mama amesema huyu ni wa mkwe," akasema. "Achinjwe hapa kwenu na mkwe ndiye aanze kuonja. Nilimuuliza ni wa nini, akaniambia nibebe tu."

Wabuge alikunywa chai akaondoka na kabichi zake. Mimi nilibaki nimesimama uani, namtazama yule kondoo. Mama yangu hutuma kuku. Hutuma mahindi mabichi, hutuma ndizi. Kondoo, kutoka kwa mama mkwe kwenda kwa mkwe, huja kwa sababu moja tu: heshima kati yao imevunjwa, na lazima ioshwe kabla hawajaweza kupita njia moja tena. Polisi wa Kesses wangemwona wangeuliza bei yake tu. Nikakumbuka redio, nikakumbuka pia kwamba mama aliondoka Eldoret ile Jumamosi ya mvua, hakungoja hata majibu ya kliniki.

Niliingia ndani. Walubengo alikuwa dirishani, naye amemwona kondoo.

"Ni Mama," nikasema.

Aliketi kwenye kiti polepole. "Nilikuwa jikoni, nachemsha chai. Hakubisha. Alikuja akasimama mbele yangu, Mildred, karibu hivi, mahali ambapo hajawahi kusimama tangu nikuoe. Akaniuliza, 'Babu yetu ni nani?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilianza kumueleza."

"Kumueleza nini, Walubengo?"

"Habari ya mababu. Mifupa."

Mungu anisamehe, kicheko kilinipanda mpaka kooni. Kisha nikamwona mama yangu, aliyelia kwa furaha siku alipookoka na ambaye mpaka leo hampi mkwe wake mkono, ameguswa mahali pawili kwa mzaha mmoja, na anajibiwa kwa habari ya mifupa. Kicheko kikageuka kilio.

"Mwiko ulivunjika?"

"Pigo la kwanza. Vipande nilivichoma." Alishika nyusi yake. "Kule zahanati daktari aliuliza ni nani. Ningesema nini? Nikasema vijana. Sikutaja jina la mtu. Bethwel alikuwa amesimama hapo, na kabla sijatoka kitandani polisi walikuwa wamefika."

"Na Munene alipokamatwa?"

"Nilidhani watamwachilia. Hawana ushahidi."

Hapo nilimkasirikia kwa mara ya kwanza kwa sababu ya kweli. Nilimwambia mtoto wa watu analala kwenye saruji kwa sababu yeye anaona haya. Mtu aliyesimama mbele ya kanisa zima akasema sisi ni jamaa wa nyani anashindwa kusema kwamba alipigwa na mama mkwe! Nilimwambia aende kituoni amtaje.

"Siwezi."

"Basi nitamtaja mimi."

"Mtaje," akasema, bila hasira yoyote. "Polisi waende Kimilili wamtoe mama yako nyumbani, na presha yake. Halafu usimame kortini ueleze alinipiga kwa nini. Ueleze na maneno niliyosema."

Nilimpenda Munene, nilimheshimu Wamucii, lakini yule ni mama yangu. Niliogopa, na mume wangu aliona kwamba nimeogopa. Akainuka akavaa viatu.

"Nitasema nilianguka," akasema.

Akaenda kituoni akasema hivyo. Alisema aliteleza kwenye ngazi, akaona aibu, akazua habari ya vijana. Walimkaripia mpaka mkuu wa kituo akachoka, wakamwambia anaweza kushtakiwa kwa taarifa ya uongo na asubiri kuitwa. Munene alitoka jioni hiyo hiyo. Kanisa liliimba mpaka mabati yakatetemeka. Pasta alihubiri jinsi uongo wa nyani ulivyozaa uongo mwingine, na mtandaoni wale wale waliomwita shujaa walimchambua kama karanga. Shule ikamwambia apumzike nyumbani kwanza. Bethwel alikuja mpaka mlangoni, akakataa kuingia.

"Kuna walimu wanatishwa kweli kweli," akamwambia. "Kesho mmoja akipigwa, nani atamwamini? Umetuharibia."

Walubengo alisema ndiyo, ni kweli. Neno hilo la Bethwel ndilo lililomvunja. Alikaa uani mpaka giza likaingia, karibu na kondoo.

Wamucii naye alikuja, na mkate na maziwa. Alinikumbatia. "Pole, Mama Ashley. Kuishi na mtu mwongo ni kazi. Najua wewe ndiye ulimwambia aseme ukweli." Nikapokea mkate. Nikasema asante. Ashley akaniuliza mezani, "Mama, watoto wanasema Baba ni mwongo. Ni kweli?" Nikamwambia anywe chai ipate kuisha, na baba yake akatazama kikombe chake.

Kwa hiyo tumebadilishana viti. Watu wote walipomwamini mume wangu, mimi sikumwamini. Sasa hakuna anayemwamini isipokuwa mimi, nami nimefungwa mdomo.

Jumapili mama alinipigia simu. Nyuma yake nilisikia sauti za wanawake na vikombe.

"Mwanangu, tuko hapa na kikundi cha akina mama. Tumemwombea bwana yako. Kudanganya polisi si jambo dogo, lakini Mungu husamehe. Mmeshachinja yule kondoo?"

Nilijua anachotaka. Tukichinja, Walubengo akaonja, mambo yamekwisha. Atakuja kliniki yake mwezi ujao, tutanyamaza wote vizuri, na mume wangu atabaki mwongo wa Kesses mpaka azikwe. Nilihisi hasira yangu yote ikija, na safari hii ilijua pa kwenda.

"Mama, hao wanawake unaoomba nao, umewaambia kondoo ni wa nini?"

Vikombe viliendelea kulia kule. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hayo ni mambo ya nyumbani, Mildred."

"Basi kondoo hachinjwi. Siku utakayowaambia hao wanawake kwa nini ulimtuma, na umpigie Wamucii umwambie, siku hiyo nitatafuta kisu mimi mwenyewe. Mpaka wakati huo usije kwangu, Mama. Njia haijaoshwa."

Alikata simu. Sijawahi kuongea na mama yangu hivyo, na msiniulize kama nilifanya vizuri, kwa sababu siku yake ya kliniki ilipita na hakuja, na sijui presha yake iko wapi.

Kondoo bado yuko. Majirani wanauliza tunamfugia nini uani, nasema ni wa mkwe. Amekula sukuma wiki yangu yote. Asubuhi Ashley akienda shule, Walubengo, ambaye siku hizi hana wa kumfundisha, hutoka na karai la maji, akachuchumaa, akamshikia anywe.