Sahihi Kabla ya Sahihi

Jina lilikuwa bado bichi pembeni mwa picha, jekundu, na tayari lilikuwa linamwasha aliyeliandika kama upupu. Katika karakana ile ya ghorofani, juu ya duka la mshona viatu, sheria hazikuwa nyingi. Uliweza kuazima brashi usiirudishe, ukala hata chakula cha mwenzako ukasingizia panya. Sheria moja tu haikuvunjwa: hakuna aliyetia sahihi kwenye kazi yake kabla wenzake hawajaizunguka, wakaguna weee, kisha wakasema kwa pamoja, "Sahihi." Neno moja, kazi mbili. Liwe kwanza la kwao, ndipo liwe lako.

Yeye alikuwa ametanguliza la kwake.

Wenzake walimwita binti huyu Kiguu na Njia, wala hawakumwonea. Kwenye kwaya alifika amechelewa, ananuka tapentaini. Karakanani aliaga mapema, anawahi kwaya. Kote alikaa kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Walimtania kwamba mshika mawili moja humponyoka, naye akawajibu kuwa Mungu hakumpa mikono miwili kwa bahati mbaya. Lakini moyoni alijua. Kanisani walimwona mtu wa rangi, kwenye rangi walimwona mtu wa kanisani, na yeye mwenyewe akijitafuta alijikuta njiani tu.

Sasa bibi mmoja wa maonyesho ya jiji alikuwa ameiona picha hii, akaipenda, akataka itundikwe mlangoni, ya kwanza kuonwa. Gari lingeifuata adhuhuri ile. Mlango kama huo haukuwahi kumfungukia mtu yeyote pale karakanani.

Picha ilimwonyesha mama yake amepiga magoti kando ya kitanda, anaonekana kwa nyuma: mgongo, kitambaa cha kichwa, na nyayo mbili zimetulia kama viatu vilivyovuliwa. Wenzake waliizunguka siku baada ya siku, wakaguna, neno lisiwatoke. Mchongaji, mkubwa wao, alisema kuna kitu hakijafika, ila yeye mtu wa mbao hajui ni kitu gani. Mfinyanzi akatikisa kichwa tu. Kiguu na Njia akaona ni husuda, na asubuhi hiyo, wenzake walipotoka kwenda kunywa chai, akapiga moyo konde akatia sahihi.

Waliporudi hakuna aliyemgombeza. Mchongaji alilitazama lile jina, akachukua patasi yake, akaendelea na kazi. Heri angemtukana.

Ndipo mama mtu akapanda ngazi. Kwenye kwaya walikuwa wamemdokeza kwamba sala yake imechorwa na inakwenda kutundikwa mbele za watu. Binti aliiogopa siku hii. Ndiyo maana hakuomba ruhusa. Mama akikataa, picha haitoki. Picha isipotoka, na yeye hatoki.

Mama aliitikia shikamoo za watu, akakataa kiti, akasimama mbele ya picha. Akaikagua kama akaguaye nguo za mtoto Jumapili asubuhi.

"Huyu si mimi," akasema.

"Ni wewe, mama. Nilikuchora nikiwa mlangoni."

"Mgongo ni wangu. Lakini huyu ametulia. Nani kakwambia mimi nikisali natulia?"

Binti alijibu kwa sauti ya chini kwamba ndivyo alivyomwona tangu utoto. Kwamba katika nyumba nzima, mama peke yake alikuwa na mahali pa kutua. Kisha likamtoka: "Nilikuonea wivu."

Mama akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Mwanangu, hicho kiguu na njia unadhani umekirithi wapi?"

Akavua viatu, akaviweka kando ya ndoo ya brashi, akapiga magoti palepale sakafuni, penye madoa ya rangi. Hakuwa akijipanga ili achorwe. Alifumba macho, akaanza kunong'ona, na jina la binti likapita humo, likapita tena. Na nyayo nazo zikaanza. Kidole gumba kilikwaruza unyayo wa pili, kisigino kikapanda na kushuka, vidole vikajikunja na kujikunjua, kama mtu aendaye mwendo mrefu bila kuondoka alipo.

Patasi ikanyamaza. Mfinyanzi akasahau udongo mkononi.

Chini, honi ikalia. Kiguu na Njia alikuwa ameshalowesha kitambaa. Akaanza na jina. Lilifutika mara moja, likaacha wekundu kidogo. Kisha akachovya brashi, akaielekeza kwenye zile nyayo nzuri, zilizotulia, zilizopendwa na bibi wa maonyesho.

Honi ikalia tena, safari hii kwa hasira. Mchongaji akaenda dirishani.

"Ngoja kidogo, bwana," akamwambia dereva. "Kuna mtu anasali huku."

Dereva akauliza atamaliza saa ngapi. Mchongaji akageuka, akamtazama mama aliye sakafuni, akamtazama binti aliyesimama na brashi yake, asijue amwulize yupi.