Benchi la Ndugu

Kaka yangu alinivunja mkono wa kulia Jumapili mchana, kwa mguu wa kiti alichokuwa anakitengeneza mwenyewe. Yeye alikuwa seremala, mimi fundi cherehani, na tuliishi wawili katika nyumba aliyotuachia mama. Tuligombania nini sikumbuki. Nakumbuka mlio wa mfupa, kisha yeye akikaa sakafuni na kulia kwa sauti kunishinda.

Muuguzi aliyenifunga plasta hakuuliza nani kanipiga. Aliuliza anakunywa nini. Halafu akaniambia kuna watu wanakutana kila Jumanne saa kumi, chumba cha nyuma ya zahanati, kilichokuwa stoo ya vitanda. Ni walevi walioacha na wengine wanaojaribu. Nilikwenda kwanza peke yangu nikachungulia dirishani: viti vya plastiki vimepangwa duara, birika la chai, na benchi refu ukutani.

Nilimwambia kaka Jumanne tunakwenda wote, akikataa, Jumatano naupeleka mkono huu polisi. Alinitukana matusi yote anayoyajua, akapiga ndoo teke, akavaa shati.

Kiongozi wao alikuwa mzee aliyestaafu kuendesha malori, wote wakimwita Dereva. Alitusomea kanuni. Mtu husema alichofanya yeye, hasemi pombe ilifanya. Anayekuja hafukuzwi. Ndugu aliyemsindikiza mtu hukaa benchi, haruhusiwi kutia neno.

Jumanne mbili kaka alikunja mikono tu. Ya tatu akapata mdomo, akafanya kosa ambalo, Dereva aliniambia baadaye, wageni wote hulifanya: akasimulia ulevi wake kama alivyozoea kuusimulia baa, ili wacheke naye. Eti siku moja nje ya kilabu jamaa alimkanyaga mguu, akamtandika ubao wa usoni, na jamaa akabaki anatambaa chini ya mkokoteni kama mtu aliyepoteza sindano, kumbe anaokota meno. Watu walicheka, maana kila mmoja alikuwa na yake ya namna hiyo. Hata mimi nilitabasamu.

Mmoja wao, mwenye bucha, hakucheka. Alikuwa pande la mtu, mpole, ndiye aliyekuwa akitumiminia chai. Taya lake lilikuwa limekwenda upande. Alimtambua kaka tangu siku ya kwanza akanyamaza. Kaka hakumkumbuka hata kidogo.

"Yalikuwa matano," mwenye bucha alisema. "Moja nililimeza."

Akainuka. Ngumi ya kwanza ilivunja pua. Ya pili ilimkunja kaka tumboni, na kabla hajaanguka mwenye bucha alimdaka kwenye kola, akamwinua anavyoinua paja la ng'ombe kulitia kwenye ndoano, akampigiza kichwa ukutani mpaka chokaa ikadondoka. Akamwachia, akamfuata chini kwa mateke ya mbavu. Kaka, ambaye sijapata kumwona akipigwa bila kurudisha, aliiacha mikono yake chini. Dereva na wengine wawili walining'inia mabegani mwa yule mtu, naye akawaburuta.

Mimi nilikaa. Kanuni ilisema nisitie neno, ila si kanuni iliyonifunga mdomo. Kwa kila pigo nilikuwa nasema moyoni, ongeza. Naliandika hili kwa sababu kwenye maziko ya kaka watu walinisifu kuwa dada mvumilivu, na sikumsahihisha mtu.

Walipoachanishwa, Dereva, akihema, aliuliza kama yupo anayetaka kuondoka. Mwenye bucha alikuwa anatazama ngumi zake, machozi yanamtoka. Kaka alitema damu kwenye kikombe cha chai.

"Nilimpiga mimi," alisema. "Hata mguu hakunikanyaga."

Jumanne iliyofuata alikuja, pua imefungwa bendeji, akakaa kwenye kiti kilichobaki, ubavuni mwa mwenye bucha. Urafiki haukuwepo. Yule alikuwa akimwambia, "Wewe mbao, sogea huko," na kumpa chai akiwa wa mwisho. Nyumbani yalikuwa mengine: kaka akitetemeka, aking'ata mto, siku moja akalipasua kwa shoka kabati alilolitengeneza mwenyewe, ubao kwa ubao. Hakunigusa. Chupa hakuigusa. Miezi kumi na mmoja.

Ila ini lilikuwa limeshakwisha. Asubuhi moja karakanani alitapika damu juu ya maranda, nyingi, mtu angedhani ndoo imemwagwa. Mwenye gari la karibu alikuwa mwenye bucha. Alimbeba mikononi akiwa amevaa aproni yake ya kazi, nyekundu tangu alfajiri, na watu barabarani wakapiga yowe kwamba kaua.

Hospitalini daktari kijana alimfunua kaka jicho, akauliza tangu jana amekunywa chupa ngapi, na akaanza kuandika kabla hatujajibu.

Mwenye bucha aliweka kiganja juu ya karatasi, damu ikaichafua.

"Hajaonja miezi kumi na mmoja," alisema. "Futa. Andika hivyo."

Daktari aliuliza yeye ni nani wa mgonjwa. Mwenye bucha hakukitoa kiganja. Daktari akachukua karatasi nyingine. Kaka alikuwa bado macho. Aliutazama mkono wa daktari mpaka ulipomaliza mstari, ndipo akaanza kutapika tena, na mara hii damu haikukata.