Programu ya Msagaji

Tangu masikio yaanze kumtupa mkono, Bi Pindo alikuwa mtu rahisi kuliko wote mtaani. Umwambie lolote, jibu lake ni moja tu: "Sawa, mwanangu, Mungu akipenda." Kwa jibu hilo alishakubali kuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama. Alishakubali kutunza paka watatu wa jirani aliyesafiri. Na kwenye mazishi ya mtu asiyemjua kabisa, aliwahi kusimama akatoa neno la shukrani, kwa sababu aliona kila mtu anamtazama yeye. Loo! Na alishukuru vizuri, watu wakalia.

Kazi yake ilikuwa cherehani. Jina la Bi Pindo alipewa na wateja, maana pindo aliloshona yeye halifumuki hata suruali yenyewe ikichakaa. Cherehani ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha, palepale marehemu mumewe alipoiweka siku waliyohamia nyumba hiyo. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, anayekaa na mkewe upande wa pili wa mji, na hao ndio aliowaficha kuliko watu wote. Hesabu zao alizijua. Wakigundua mama hasikii, watasema hawezi kuishi peke yake, watamhamishia kwao, na cherehani itafunikwa shuka stoo. Afadhali kuitikia na kutabasamu.

Sasa, mwanawe alikuwa amemnunulia simu kubwa ya kisasa, na nyie mnajua ilivyo, mtu akikuona na simu mpya hakosi ushauri. Kila mteja aliyekuja kuchukua nguo alimwachia programu. Mwalimu wa chekechea alimwekea ya kumkumbusha kunywa maji, ikawa inatetemeka mezani kutwa mpaka pini zinaanguka. Dereva wa teksi alimwekea ya kuonyesha njia, yeye ambaye safari yake ndefu ni ya dukani kununua nyuzi. Binti wa saluni alimwekea ya kuhesabu hatua. Hiyo kila jioni ilimwandikia ajitahidi zaidi, akaona haina adabu hata kidogo. Zote aliziitikia sawa, na zote zilikaa tu humo zikila chaji.

Ndipo akaja msagaji.

Huyu alikuwa mzee wa mashine ya kusaga nafaka, mtu mwenye unga hata kwenye nyusi. Alikuwa ameleta suruali akaeleza kwamba kiuno kipunguzwe, miguu isiguswe. Bi Pindo akasema sawa, akakata miguu. Siku ya kuichukua, msagaji aliinyanyua, akaipima mwilini, ikamwishia chini kidogo ya magoti. Bi Pindo akakaza uso, akangoja matusi. Mzee wa watu akacheka mpaka unga ukamdondoka mabegani.

Kisha akatoa simu yake, akailaza juu ya meza ya cherehani, akasema kitu. Na kile alichokisema kikajiandika kwenye kioo cha simu kwa herufi kubwa: "Na wewe husikii, sio?"

Bi Pindo alitaka kusema sawa. Akasoma tena, akaitikia kwa kichwa.

Msagaji akaendelea, simu ikimfuata neno kwa neno. "Mimi masikio yangu yameliwa na mashine. Mbinu zako zote nazijua, dada yangu. Kucheka wenzako wakicheka. Kuitikia tu. Mimi nusura nioe mke wa pili kwa kuitikia. Wa kwanza ndiye aliyenitafutia programu hii, tena mbio mbio."

"Inaandika kila kitu?" Bi Pindo akauliza, na swali lake nalo likajiandika.

"Kila kitu, hata wanaokuteta pembeni, kwa hiyo jiandae. Mara nyingine inakosea, inaandika upuuzi. Lakini watu wenyewe wanasema upuuzi, kwa hiyo utazoea."

Akamwekea kwenye simu yake, akamwonyesha pa kubonyeza, akakataa kabisa kulipwa suruali. Alipoondoka, Bi Pindo alifunga mlango, akawasha redio ambayo ilikuwa imekaa kimya muda mrefu, akaisogezea simu. Akasoma taarifa ya habari yote. Akasoma na matangazo ya sabuni, machozi yakimtiririka, maana alikuwa hajui kwamba aliyakosa kiasi hicho.

Kesho yake asubuhi mwanawe akaja na mkewe. Bi Pindo alikuwa ameegemeza simu kwenye kopo la vifungo, kioo kikimwelekea yeye, kama mtu anayengoja kupigiwa.

"Shikamoo, mama," simu ikaandika.

"Marahaba, mwanangu."

Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Kisha simu ikaandika: "Nimeleta maboksi ya vyombo. Lori linakuja kesho asubuhi."

Alisoma, akarudia. Akadhani ndio ule upuuzi alioonywa na msagaji. "Lori la nini?"

Mwanawe akasimama na boksi mkononi, kashangaa, maana hakumbuki lini mama yake alimuuliza swali mara ya mwisho. "La kukuhamisha, mama. Si tulikubaliana? Nilikaa hapo nikakueleza yote. Unakuja kukaa kwetu usiwe peke yako, nyumba hii tunapangisha, na mpangaji nampa jibu la mwisho leo. Ulisema sawa."

Kumbe! Kile Bi Pindo alichokikimbia muda wote huo alikuwa amekikubali mwenyewe, kwa mdomo wake, na pengine alitabasamu. Sasa afanye nini? Akikataa, ataulizwa kwa nini alikubali, siri itatoka, na watamhamisha kwa siri hiyohiyo. Akikaa kimya, kesho cherehani inapanda lori. Alitafuta neno la katikati, hakuliona.

Mwanawe akageuka, akaanza kufunga vikombe kwenye magazeti. Akampa mama mgongo na kusema na mkewe kwa sauti ya chini. Simu haikujali mgongo wa mtu.

"Unaona? Hata kukasirika hakasiriki. Ningekuwa namhamisha jirani, angalau angelia."

Bi Pindo akaona midomo ya mkwewe ikicheza. "Labda amechoka," simu ikaandika.

"Amenichoka mimi," mwanawe akajibu. "Tangu baba atutoke, nikimwambia jambo ni sawa, sawa, kama karani wa dirishani. Mama yangu hanitaki tena. Basi tu, huwa naogopa kulisema."

Jamani! Bi Pindo alisoma maneno hayo na lori likamtoka kabisa akilini. Nyumba, dirisha, cherehani, vyote viliona aibu mbele ya sentensi ile. Alijitahidi kulinda chumba cha mbele, kumbe alikuwa anampoteza mtoto. Akainuka, akamshika mwanawe bega, akamgeuza kama alivyokuwa akimgeuza zamani akimpima sare za shule.

"Mwanangu, sisikii."

"Husikii nini?"

"Sisikii kitu. Mwaka sasa. Nilikuficha ili usinitoe humu ndani, wala sikujua kwamba nimeshakubali kutoka." Akamnyooshea simu. "Hiki ndicho kinachonisomesha maneno yenu."

Mwanawe akaipokea, akaona maneno yake mwenyewe yamejipanga pale, hata lile la mwisho. Akamrudishia mama simu, akakaa juu ya boksi. Boksi likabonyea, vikombe vikagongana humo ndani, wala hakuna aliyeshughulika navyo. Akashusha pumzi ndefu, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Kwa hiyo hukunichukia."

"Nikuchukie kwa lipi, na mimi hata sijui ulichokuwa unasema!"

Mkwewe naye alikuwa anafuta macho. "Mama, hata sisi tulishangaa," akasema karibu na simu. "Mwenzangu huyu aliandaa hotuba nzima ya kukubembeleza, akaifanyia mazoezi bafuni. Wewe ukakubali hata hajafika katikati! Na chumba chenyewe tulichokutengea, ukifungua mlango unagonga kitanda."

"Basi, madhali una simu hii, baki na cherehani yako," mwanawe akasema, na papo hapo akapiga simu mbili, moja kwa mwenye lori, nyingine kwa mpangaji. Bi Pindo alizisoma zote mpaka neno la mwisho, asije akaachwa tena. Lori haliji. Nyumba haipangishwi. Roho ikamtulia tuli, akajisikia mwepesi, akataka kuwachemshia chai, ila vikombe vyote vilikuwa vimeshafungwa kwenye magazeti.

"Na mengine je?" akauliza. "Nimekubali nini kingine humu duniani?"

Wale wawili wakatazamana. Mkwewe akavuta kiti, akainamia simu, akaongea taratibu, na maneno yakawa yanajitokeza moja moja.

"Kuna jambo tulikuja kukwambia mwezi uliopita, mama. Ulisema sawa, Mungu akipenda, halafu ukaanza habari za paka. Mwanao huyu alilia njia nzima."

"Jambo gani hilo?"

"Nina mimba. Unapata mjukuu."

Bi Pindo akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa nguo aliyokuwa anaishona, nguo ya mteja, akaivaa, akasoma tena. Akamtazama mkwewe, akamtazama mwanawe.

"Sema tena," akaomba, ingawa maneno yalikuwa bado yapo palepale.

Mwanawe akaiacha simu mezani. Akapiga magoti kando ya kiti, akaweka mdomo kwenye sikio la mama yake, akairudia habari ile kwa sauti yote aliyojaliwa. Safari hii aliisikia. Jirani wa tatu pia aliisikia, akatoka nje kuuliza kuna nini.