Mbegu za Pindo la Kanga

Mume wangu Kornelio ni Mnyamwezi, na jirani yetu hapa Chanika, Bi Chausiku, ni Mzaramo wa papa hapa. Hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini mimi Sesilia sikuwahi kunywa chai ya asubuhi kwa utulivu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu mababu wa Kornelio walipofika pwani na pembe za ndovu mabegani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukuchukulia jembe, hata kulizuia jeneza lako njiani, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Kornelio aliishika ruhusa hiyo kama vile ameajiriwa nayo.

Kila asubuhi alipotoa baiskeli kwenda kwenye kibanda chake cha ufundi pale stendi, Bi Chausiku alikuwa upande wa pili wa ua, anafagia.

"Wewe mpagazi, hujafa tu?"

"Nife, nazi zote hizi nimwachie nani? Mtazimaliza peke yenu!"

"Rudi kwenu Tabora ukale asali. Mzigo ulishautua tangu enzi za Mjerumani, unangoja nini?"

Basi siku ilikuwa imeanza. Siku ambayo hawakutukanana, Kornelio alirudi jioni akilalamikia kichwa.

Mume wa Bi Chausiku, Mzee Mwinjuma, hakuwa mtu wa maneno. Yeye alikuwa na maua. Kila mwaka kabla ya masika alipanda mbegu za mmea unaotambaa pembeni mwa bafu lao la makuti, na mvua zikishakolea, bafu lote lilifunikwa maua ya buluu iliyoiva kama wino. Wageni walioingia kuoga walichelewa kutoka. Mbegu zenyewe zilikuwa ngumu kama changarawe, kwa hiyo Mzee alichuchumaa kwenye ngazi ya baraza, akazisugua mojamoja kwenye saruji huku akivuma wimbo puani, kisha akazilaza ndani ya kikombe cha chai iliyobaki hadi kesho yake.

Kornelio angeliachaje jambo kama hilo? Kila tulipopata wageni alichuchumaa katikati ya sebule, akabinua mdomo, akasugua punje ya mahindi sakafuni, akavuma puani. "Mzaramo huyu jamani! Mbegu zake zinapigwa msasa halafu zinanyweshwa chai! Bado kuzikaribisha chapati!" Wageni walishika mbavu. Mzee Mwinjuma akiwepo alicheka kuliko wote, mpaka kofia ikamdondoka.

Mwaka wa tatu tangu tuhamie, Mzee akafariki. Kornelio alifanya kazi yake ya utani kama inavyotakiwa. Alijilaza mbele ya jeneza akisema halipiti mpaka marehemu arudishe pampu ya baiskeli aliyoazima. Waombolezaji wakacheka huku wanalia, na wazee wakasema huyu ni mtani kweli. Mimi ndiye niliyemkuta baadaye nyuma ya jiko letu, amejifunika uso kwa shati.

Bi Chausiku akakaa eda. Siku ya kutoka, kina mama walimwogesha, wakamvika nguo mpya, na kanga aliyoshinda nayo eda nzima nikapewa mimi, kwa kuwa mke wa mtani naye ni mtani. Sikupata hata kuikunja. Kornelio aliipora, akajifunga kiunoni, akaanza kupita uani kwa madaha akimwigiza mjane anakwenda sokoni. Watu hoi. Kwenye pindo la kanga akapapasa fundo.

"Ahaa! Ugoro wa bibi huu!"

Akalifungua. Hakukuwa na ugoro, kulikuwa na punje nyeusi nyeusi. "Choroko! Jamani, Mzaramo kalala eda na choroko!" Akazirusha juu kama mchele wa harusini, nyingine zikaangukia kuku, nyingine zikavuka ua hadi kwetu. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Bi Chausiku naye alicheka, kwa maana ndiyo sheria. Ila mimi nilikuwa karibu yake, na niliuona mkono wake ulivyonyanyuka kuzidaka, ukaishia hewani.

Kesho yake asubuhi Kornelio akatoa baiskeli, akasimama, akasubiri tusi lake.

"Habari za asubuhi, Bwana Kornelio," akasema Bi Chausiku. "Umeamkaje? Watoto hawajambo?"

Mume wangu alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni. Keshokutwa yake ikawa vilevile. "Safari njema, Bwana Kornelio. Mungu akutangulie." Mtani akitukanwa anajua anapendwa. Akipewa adabu, huyo amefukuzwa, tena hana pa kukata rufaa.

Munira, binti yake Bi Chausiku, ndiye aliyenifumbulia tulipokutana kisimani. "Mama Augustine, zile hazikuwa choroko. Zilikuwa mbegu za maua ya baba. Alimkabidhi mama kabla hajafa, akamwambia afungie kwenye kanga, watapanda mvua zikianza. Hakuna nyingine. Ya mwaka jana yalifyekwa tulipobadilisha makuti."

Nilipomweleza Kornelio, alikaa kwenye kigoda akashindwa hata kuvua viatu. "Sesilia, nimemmwaga Mwinjuma kwa kuku," alisema.

"Nenda ukaombe radhi."

"Mtani haombi radhi! Nikiomba radhi ndiyo nimekubali kwamba utani umekwisha."

Wanaume na sheria zao. Nikamwacha.

Munira, ili kumliwaza mama yake, alileta kutoka Kariakoo maua ya plastiki. Wakati huo kila kitu kilikuwa kinaingia nchini, hata majani. Akayatundika kwenye bafu, mekundu na manjano yaliyong'aa. Kornelio akaona hapo pana mlango. Asubuhi alichota ndoo ya maji akaenda kuyamwagilia yale ya plastiki, taratibu, moja baada ya jingine, akiyasemesha yakue haraka. Nilichungulia dirishani nikimwombea. Kilikuwa chambo kizuri, hata mie ningemtukana bure.

"Ahsante sana, Bwana Kornelio," Bi Chausiku akasema. "Umejisumbua. Mungu akulipe."

Siku hiyo hakugusa chakula, na mume wangu kukataa ugali si habari ndogo.

Jumapili baada ya misa akavua shati, akaanza kuhamisha matofali. Tulikuwa na lundo la matofali karibu na ua wa Bi Chausiku, ya chumba cha tatu alichoniahidi tangu Augustine anatambaa. Yalikuwa yameota kuvu na majani kwa kusubiri. Majirani wakaanza kupita wakitupa hongera. "Hatimaye! Mama Augustine, unajengewa!" Na mimi, mjinga, nikatabasamu na kuwaza rangi ya mapazia. Kornelio alinyanyua tofali moja, akachungulia chini yake, akaliweka pembeni, akanyanyua jingine. Jioni lundo lote lilikuwa limehamia upande wa pili wa uwanja, msingi haujachimbwa hata shimo la panya, na mume wangu alikuwa amepiga magoti na kibiriti kitupu mkononi. Ndani yake alikuwa ametia mbegu zilizoruka ua siku ile. Hazikujaa hata kiganja. Chumba cha tatu hakikutajwa tena, na safari hii sikumdai.

Nusu ya mbegu akazifukia siku ileile kwenye makopo ya maziwa. Akamwagilia asubuhi na jioni. Mvua za kwanza zikaja, mahindi ya watu yakachomoza, makopo yake yakabaki tope tupu. Akafukua moja: mbegu iko vilevile, ngumu, inameta.

"Hazinitaki," alisema. "Za Mzaramo hizi, zimeninunia."

Zilibaki chache tu kwenye kibiriti. Alikuwa anazitazama kama mtu anayetazama tiketi ya mwisho ya basi. Nikamwambia, "Kornelio, mbona Mzee zilikuwa zinamwotea? Si wewe ndiye uliyetuonyesha kila siku alivyokuwa anafanya?"

Akaniangalia. Kisha akatoka polepole, akachuchumaa kwenye ngazi ya baraza yetu. Hakukuwa na mgeni hata mmoja wa kumcheka. Akatoa mbegu ya kwanza, akaanza kuisugua kwenye saruji, lakini mkono haukutii, mbegu ikachomoka. Akajaribu tena. Mwisho akabinua mdomo, akavuma ule wimbo puani, na hapo hapo mkono ukakaa sawa, ukaenda na kurudi jinsi ulivyokwenda na kurudi mkono wa Mwinjuma. Hakuweza kusugua mbegu bila kuwa yeye. Alikuwa amemwigiza miaka mitatu kwa kumcheka, kumbe alikuwa amemhifadhi mzima, mpaka bega lililoinama upande wa kushoto.

Nilipogeuka nikamwona Bi Chausiku amesimama uani kwake, ufagio mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Machozi yalikuwa yanamtiririka naye hayafuti. Kornelio hakumwona. Alimaliza mbegu ya mwisho, akachukua kikombe chake cha chai, akazitumbukiza.

"Weeee!"

Kornelio aliruka nusura kikombe kimponyoke.

"Chai ya maziwa? Mpagazi usiye na akili, unataka kuzigandisha mtindi? Mwinjuma aliziwekea chai ya rangi, imepoa, haina sukari! Umetucheka miaka yote, macho yako yalikuwa wapi? Mwaga hiyo! Sesilia, mwanamke mwenzangu, hili toroli uliolewa nalo kwa bahati mbaya au ulirogwa?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kornelio alikuwa anamwaga maziwa na kuokota mbegu kwa vidole, uso umemchanua kama mtoto aliyepewa andazi. "Matusi hayo, Sesilia," alininong'oneza. "Umesikia? Ananitukana."

Zikalala kwenye chai ya rangi. Zikapandwa chini ya ua, mpakani hasa. Zikaota, si zote, lakini za kutosha kugombania. Kuanzia hapo kila asubuhi ilikuwa vita. Bi Chausiku alisema Mnyamwezi anamwagilia kama anazima moto, Kornelio akasema Mzaramo anapalilia kama anakuna nazi. Ya plastiki Munira aliyashusha mwenyewe, kamba yake akaifanya ya kufungia mbuzi. Mmea ukakamata fito, ukapanda, ukavuka, ukageukia bafuni bila kuelekezwa na mtu.

Mvua zilipokuwa zinaondoka, asubuhi moja nilisikia ufagio umenyamaza. Nikatoka. Ua la kwanza lilikuwa limefunguka juu kabisa, buluu ileile. Bi Chausiku alikuwa analigusa kwa mgongo wa mkono, kidogo tu, jinsi mtu anavyogusa shavu la mtoto aliyelala. Kornelio alikuwa amesimama upande wetu na baiskeli yake, kofia ameivua, amesahau kama ana wateja wanamsubiri stendi.

"Mpagazi," akasema Bi Chausiku.

"Naam."

"Mzigo wangu uliumwaga njiani."

"Niliumwaga, dada."

Alikuwa hajawahi kumwita dada. Bi Chausiku akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye malapa.

"Lakini umefika nao," akasema. "Haya, sogea hapo. Unamzibia Mwinjuma jua."

Kornelio akasogea.