Karatasi ya Uyoga Iliyotoka Peke Yake

Nawaandikia ninyi mnaouza vitu vidogo na mna tovuti, mnaotaka kuwawekea wateja karatasi za kupakua bure. Someni hii kabla hamjaziweka. Mimi niliishia darasa la sita, nitaeleza kama mtu anavyoeleza jikoni. Mkiona kosa la maandishi liacheni, kuna jingine kubwa zaidi.

Duka letu liko Kainuu, huku Ufini, kando ya barabara ya mchanga, katika chumba ambacho zamani kilikuwa cha maziwa, enzi za ng'ombe wa marehemu mume wangu. Tunauza jemu, asali ya jirani na soksi ninazofuma mwenyewe. Mwezi wa tano, theluji ikishaondoka, tunauza uyoga-sikio. Ni uyoga wa kahawia, umekunjamana kama ubongo, unaota mchangani chini ya misonobari. Ukiula mbichi, unaua. Ukiuchemsha mara mbili kwa maji mengi, ukimwaga maji kila mara na kuusuuza, hakuna kitu kitamu kuushinda, ingawa hata hivyo mtoto hapewi.

Kwetu jambo hilo hatufundishwi. Mtu anazaliwa analikuta, kama anavyokuta kwamba jiko linaunguza. Naukumbuka mvuke wa jikoni kwa mama, madirisha yote wazi, sisi watoto tumetolewa nje, na ule mvuke unatoka polepole na kukaa juu ya nyasi kama mgeni anayesubiri kuitwa ndani. Hatukuambiwa kwa nini tumetolewa. Tulijua kwamba hata mvuke wake una sumu. Na anayenunua dukani, kila kikapu kina kijikaratasi cha onyo kilichofungwa kwa uzi kwenye mpini. Kikapu hakitoki bila hicho.

Binti yangu Saija ndiye aliyetengeneza tovuti, wakati wa baridi, siku ambazo jua halifiki hata dirishani. Alisema watu wanapenda kupewa kitu, wakipakua mapishi watalikumbuka duka. Basi mimi nikawa nafuma na kusema, yeye anaandika. Yeyusha siagi. Tia kitunguu. Tia uyoga, uache mpaka utulie. Mimina krimu. Nilisema kama mama alivyokuwa akisema, maana mama hakuwahi kutaja kuchemsha; alipofika kwenye siagi kuchemsha kulikuwa kumeshapita zamani. Saija naye ni mtoto wa nyumba ileile, hakuona pengo. Akaandika kwa Kifini, akaandika na kwa Kiingereza, akafanya PDF, akaiweka.

Shemeji yangu Taisto, ndugu wa marehemu, alikuja kunywa kahawa akanitania kwamba shule ya darasa la sita imezaa mwandishi, na kwamba sasa atanipigia hodi kabla ya kuingia. Nilifurahi, sitaficha. Kila asubuhi Saija alinipigia simu kunipa idadi ya walioipakua. Saba. Ishirini. Arobaini. Nikilala nilikuwa naziona zile karatasi zikitoka mlangoni moja moja kama watoto weupe, pekupeku, zinavuka ziwa lililoganda bila kuacha alama, zinaingia nyumba nisizozijua, na huko zinakaribishwa mezani. Nilikuwa naamka nimetulia kama mtu aliyetembea na marafiki usiku kucha. Mama gani anaona watoto wanatoka pekupeku kwenye barafu, halafu anatabasamu?

Mwezi wa tano ulipoanza, Taisto alikaa na simu yake dukani, anasoma, miwani imemshuka puani.

"Shemeji," akasema, "humu mbona umeua watu? Kuchemsha kuko wapi?"

Nikacheka. Nikamuuliza ni nani duniani asiyejua hilo.

"Mholanzi," akasema. Yeye hukodisha nyumba yake ya ziwani kwa Waholanzi, anawajua. Mwaka juzi walimuuliza kama maji ya ziwa yana mwenyewe.

Alikuwa anatania, lakini mimi niliacha kucheka. Nikampigia Saija, yuko kazini mjini kwa daktari wa meno. Hata robo saa haikupita. Akaniambia ameshaibadilisha, ameandika kuchemsha mara mbili kwa herufi nene, pale juu kabisa, na watoto wasipewe. Kila anayebonyeza sasa anapata ile mpya.

Hapa ndipo mnisikilize. Mimi nilielewa kwamba zote zimebadilika. Nilidhani zile karatasi zimefungwa na duka kwa uzi, kama onyo na mpini wa kikapu, kwamba ukirekebisha huku, maandishi yanajiandika upya kule ziliko, kwenye droo, kwenye friji, chini ya sumaku. Niliziona zikijirekebisha, mistari inasogea yenyewe kupisha mstari mwingine, kimya, kama maji yanavyojifunga nyuma ya kasia. Nikakaa siku tatu na amani hiyo ya kijinga. Nilifuma soksi jozi mbili.

Jumamosi asubuhi Saija akanipigia. Kulikuwa na ujumbe kwenye tovuti, kutoka kwa mama mmoja aitwaye Marloes. Anashukuru. Karatasi aliichapisha kwao Utrecht, Uholanzi, tangu mwezi wa tatu, akaja nayo safarini. Wako katika nyumba nyekundu ng'ambo ya ziwa, na jana watoto wameokota uyoga-sikio ndoo nzima nyuma ya sauna. Ujumbe anautuma kutoka duka la kijijini, amekuja kununua krimu. Mchana watapika.

"Si amepata ile mpya?" nikauliza.

Saija akajibu: "Mama, aliyoipakua ni yake. Mimi siwezi kuifikia mkononi mwake."

Nyumba nyekundu ndiyo hiyohiyo ya Taisto, na kule bondeni simu haishiki. Taisto alikuwa amekwenda kwa fundi na mtumbwi wake wa injini. Saija alikuwa kilomita sitini. Kwangu ni kilomita kumi na tisa kwa kuzunguka ziwa, na gari langu lina umri wa Saija.

Sikumbuki kama niliendesha. Nakumbuka ukungu, barafu ya mwisho ilikuwa inayeyuka na ziwa linapumua, barabara yote imejaa weupe. Magome meupe ya miti yalikuwa yanakuja na kuondoka, yanakuja na kuondoka, na sikusikia injini, nikawa kama mtu anayetembea chini ya maji, kila kitu kizito na kitamu kidogo, na hilo la utamu ndilo lililonitisha. Swala mkubwa wa kwetu, mrefu kama farasi, alisimama katikati ya njia. Nikasimama. Tukatazamana. Alikuwa na muda wote wa dunia. Nilimwambia, taratibu kabisa kama ninavyomwambia mteja, kwamba kuna watoto wanakula. Akatoka.

Harufu niliisikia kabla sijafika mlangoni, siagi na kitunguu. Ni harufu ya mama yangu. Niliingia bila hodi. Mezani kulikuwa na mwanamke mrefu, msichana mwenye nywele zimesukwa, na mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi. Kikaango katikati, sahani tatu, mishumaa imewashwa mchana. Karatasi yangu imeegemea chupa ya maziwa. Ilikuwa nzuri. Yote yalikuwa mazuri, ndiyo maana nasema.

Mimi sijui Kiingereza wala Kiholanzi. Nilichukua kikaango, nikatoka nacho nje, nikakimwaga kwenye theluji chafu iliyobaki kando ya ukuta. Niliporudi mwanamke alikuwa amesimama, anasema kwa sauti ya chini inayotetemeka, na sikuhitaji kujua lugha. Alikuwa ananifukuza.

"Hapana, dada," nikasema kwa Kifini. "Hapana. Ni mimi niliyeandika."

Nikachukua ile karatasi na kalamu ya rangi ya mtoto, ya kijani. Nikachora sufuria na maji, nikachora maji yanamwagwa. Nikachora sufuria nyingine, maji yanamwagwa. Halafu nikachora mtoto amelala, macho nikamwekea misalaba. Nikajigonga kifua. Mimi. Mimi.

Alielewa pale kwenye misalaba. Aligeuka kwa watoto, akauliza swali fupi. Msichana akatikisa kichwa kukataa. Mdogo, Joppe, akaonyesha kijiko. Alikuwa ameonja kwenye kikaango wakati mama yake anawasha mishumaa.

Kijiko kimoja.

Tulipanda mlima kwa gari langu, wote wanne, mpaka simu iliposhika. Saija akawa mdomo wetu. Watu wa namba ya simu ya msaada wa sumu walisema twende hospitali moja kwa moja, tusisubiri atapike, kwa sababu huu uyoga hukaa kimya kwanza. Unamwacha mtu acheze nusu siku. Na kweli Joppe alikuwa anaimba njia nzima. Marloes aliketi nyuma amemkumbatia, na kwenye kioo niliona midomo yake inahesabu, sijui nini.

Joppe alilazwa siku mbili. Usiku wa kwanza alitapika. Siku ya pili damu yake haikuwa nzuri, halafu ikawa nzuri. Nilikaa kwenye korido na soksi ambayo sikuweza kuifuma. Kabla hawajaondoka Marloes aliniuliza, Saija akitafsiri, kwa nini sikuandika kuchemsha. Hakuwa na hasira tena, alitaka kujua tu.

"Nilikuwa nawaandikia watu waliokwisha kujua," nikasema. Akanishika mkono. Hakusema kwamba si kitu, na alifanya vema.

Sasa ninyi. Mkitaka kuweka karatasi yenu, ya mapishi, ya dawa ya mbao, ya kamba ya bembea, mpeni kwanza mtu asiyejua lolote aitumie mbele yenu, nanyi mkae mmefunga mdomo. Andikeni juu tarehe, na namba ya simu inayopokelewa. Na msijidanganye kwamba mkibadilisha mmebadilisha. Iliyotoka imetoka kama ilivyokuwa imevaa.

Ile ya zamani ilipakuliwa mara sitini na tatu. Ukiwa nayo, imechorwa ua la buluu pembeni, jina la duka chini, na neno la kwanza ni siagi. Ichane. Kisha tuandikie, mstari mmoja tu unatosha, tukufute kwenye orodha.

Tangazo hili liko juu ya tovuti tangu mwezi wa tano, kwa lugha sita ambazo Saija ameombaomba kwa watu. Jana alijibu mzee mmoja wa Austria, alikuwa nayo, hakuwahi kupika. Ukimtoa yeye na Marloes, wamebaki sitini na mmoja.