Kura ya Lemuel Tolliver

Enzi za useneta wake, meli za moshi za Lemuel Tolliver zilijaa kama bata katika mto wa Kentucky, na akicheka yeye mji mzima ulicheka, hata wasioelewa mzaha. Leo alikuwa akigombea ubwana jela.

"Kutoka Seneti hadi jela," mkewe Permelia alikuwa amemwambia asubuhi akimfunga tai. "Wenzako hupelekwa huko na askari, wewe unaombea kura! Lakini ushinde, mume wangu. Bwana jela hupewa nyumba pale pale jela, nami nimechoka kulala stoo kwa dada yangu kama gunia la viazi."

Mbele ya mahakama, kila mwanamume alipanda ngazi akamtaja amtakaye kwa sauti, karani akaandika, na aliyetajwa akainama kushukuru. Jua lilipoanza kushuka, Lemuel alikuwa mbele kwa kura moja. Waliobaki walikuwa wagombea wenyewe: yeye na Hiram Beckwith, mhunzi.

Desturi ilijulikana: muungwana humpigia mpinzani wake. Lemuel aliivunja mara moja tu, miaka ya neema, akamshinda huyu huyu Hiram kwa kujipigia mwenyewe. Wakambandika jina la Mimi Mwenyewe. Abiria wakahamia meli za wengine, wapiga kura nao wakamhama, kisha reli aliyoikejeli ikaja kummalizia.

"Haya, Mimi Mwenyewe, leo unampa nani?" mtu akapaza sauti. Watu wakaangua kicheko.

Akijitaja, nyumba anayo. Akimtaja Hiram, kura zitalingana, na kura ya mwisho ni yake Hiram, naye si msahaulifu. Ng'ambo ya barabara Permelia alisimama, mikono kiunoni. Lemuel akapanda ngazi.

"Hiram Beckwith!"

Hiram akainama polepole, akapanda ngazi, akajikuna kidevu, akakohoa, akaomba maji. Akayanywa yote.

"Sema basi, we mzee!" Lemuel akafoka.

"Nimeingoja siku hii miaka yote, unataka niimalize upesi?" Akamgeukia karani. "Lemuel Tolliver."

Kofia zikarushwa juu. Lemuel akainama mpaka tai ikagusa magoti.

"Acha shukrani," Hiram akamwambia, akimpiga bega. "Leo nakwenda kulewa kwa majonzi ya kushindwa. Askari wakinileta kwako, chumba changu kiwe na dirisha, bwana jela."

Permelia alikwisha fika. "Chumba chenye dirisha ni changu," akasema. "Wewe, shemeji, utalala stoo."