Fahali wa Waisiko Asife Kibudu

Fahali wa Bibi Waisiko alikata kamba, akateleza mtaroni, akavunjika kiuno. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, na wakwe walishapiga simu kwamba wametoka Tarime mjini, pikipiki sita. Mjukuu wake Mseti alikuwa anamwoa Yasmini, na kule Susuni mkwe akiondoka kwako hajala nyama, aibu hiyo itakuzika na kukaa matanga yako.

Ng'ombe mwingine hakuwa naye. Huyu alikuwa anakoroma, ulimi nje. Akifa kabla ya kuchinjwa amekuwa kibudu, na kibudu ni chakula cha fisi.

Visu havikukosekana. Vilikuwa vitatu, na huo ndio ulikuwa msiba.

Shamsudin, mchinjaji aliyetangulizwa na wakwe, alishaingia mtaroni. "Mgeuzeni, kibla iko huku," akasema, akionesha kaskazini, upande wa mpaka.

"Ngoja kwanza." Huyo alikuwa Gidion, mtoto wa kwanza wa Waisiko, mzee wa kanisa, suti mpya mwilini. "Waumini wangu hawali nyama iliyosomewa dua nyingine. Nachinja mimi, kwa jina la Yesu."

"Chinja. Wakwe zenu watakula mchicha."

"Na ukichinja wewe, nusu ya boma hili watalala njaa."

Wa tatu alikuwa Daudi, shemeji wa Waisiko, ambaye tangu mwaka jana alijiunga na kundi linaloshika Torati, akaacha hata kunywa chai kwa watu. Alikuwa anapitisha ukucha kwenye makali ya kisu chake, taratibu, kama mtu asiye na safari. "Kisu chenye pengo kinaharamisha nyama. Vyenu vyote vina mapengo. Nipisheni."

"Wewe nani?" Shamsudin akadakia. "Ibrahimu baba yetu alikuachia usia?"

"Baba yenu?" Daudi akang'aka. "Ibrahimu ni wetu!"

Waisiko akaona huyo Ibrahimu angepita hapo leo angewatandika bakora wote watatu, kisha akane kwamba anawajua.

"Nyie," akasema. "Akifa hivi hivi, nani anamla?"

"Hakuna!" wakajibu kwa sauti moja, kama kwaya. Ndilo jambo la kwanza walilokubaliana.

Mguu wa nyuma wa fahali ukanyooka, ukatetemeka. Kukoroma kukapungua. Waisiko akafunga khanga kiunoni, akashuka mtaroni, akamnyang'anya Daudi kisu.

"Mama!" Gidion akaruka. "Mwanamke hachinji!"

"Hachinji!" wakaitikia wengine wawili.

"Imeandikwa wapi? Shamsudin, kwenye Kurani?"

Shamsudin akatazama viatu vyake. "Hapana, bibi. Mwanamke anaruhusiwa. Ila kwa huku kwetu..."

"Daudi, Musa alisema?"

Daudi akakohoa.

"Gidion, mura, mwanangu?"

"Ni mila yetu, mama."

"Ile uliyoitupa mtoni siku ya ubatizo? Imerudi lini? Shika pembe!"

Akashika. Waisiko akasema, "Kwa jina la Mungu wa Ibrahimu," akakata mara moja, kwa nguvu zake zote. Damu ikaruka. Fahali akarusha teke la mwisho, likamchafua Gidion suti kwa damu mpaka kwenye tai. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanasikiliza pikipiki zikipanda kilima.

Nyama ikiwa jikoni, Kudra, mjomba wa Yasmini, mtu asiyetania na dini, alikataa kukaa. "Kachinja nani?"

Waisiko akainua mkono, bado una damu kwenye kucha.

"Mimi, baba."

Kudra akamgeukia Shamsudin. "Alikuwa hai?"

"Iulize suti ya Gidion."

"Na jina lililotajwa?"

"La Mungu," Waisiko akasema. "Nilijua yuko mmoja, mpaka leo asubuhi."

Kudra akavuta harufu ya nyama. Jikoni mafuta yalikuwa yanachuruzika kwenye makaa, na Yasmini, aliyefika na wakwe, alikuwa amesogea mlangoni kusikia.

"Chakula cha watu wa Kitabu, Wakristo na Wayahudi, tumeruhusiwa," Kudra akasema, akakunja mikono ya kanzu. "Maji ya kunawa yako wapi?"

Daudi peke yake alikula ugali kwa maziwa, mgongo ukiwa umeelekea jikoni. Kisu chake hakukidai.